Umepunguzwa tumbo na sasa unataka kuanza kukimbia? Anza na maji

Kilo zikishaanza kudondoka baada ya operesheni ya kupunguza tumbo la chakula kuna siku unajikuta umepanda ngazi bila kuhema, na hapo hapo wazo la kukimbia linaingia kichwani. Wazo zuri tu. Shida ni kwamba ushauri mwingi wa wanaoanza kukimbia unamhusu mtu mwenye tumbo zima, anayeweza kugida nusu lita ya maji, akafunga raba akaondoka. Wewe huwezi hivyo, iwe ulifanyiwa slivu, ile wanayotoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, au baipasi, ile wanayotengeneza kifuko kidogo halafu wanakiunganisha na utumbo. Kitakachokukwamisha mara nyingi sio mapafu wala uvivu, ni tenki dogo.

Kwanza ruhusa. Kutembea kunaanza mapema kabisa, mara nyingi siku ile ile ya operesheni, manake kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni. Kukimbia ni habari nyingine, wengi wanaruhusiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ila anayeamua ni dokta wako, sio rafiki yako mliyefanyiwa mwezi mmoja. Ukienda kumuona usiulize tu "naweza kukimbia?", muulize na dawa zako. Kama unatumia dawa za presha au za sukari na dozi ni ile ile ya wakati una kilo nyingi, ukianza kupiga tizi presha au sukari inaweza kushuka vibaya ukaanguka barabarani. Usipunguze mwenyewe lakini, aipange yeye.

Ukisharuhusiwa jipime: unaweza kutembea haraka dakika 30 mfululizo, siku nne za wiki, na kesho yake magoti hayalalamiki? Kama bado, endelea kutembea, hakuna anayekufukuza.

Sasa maji. Lengo ambalo wengi wanapewa ni lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, na kwa tumbo hilo hazipiti kwa mkupuo, ni fundo fundo kutwa nzima. Yaani ukikimbia jioni maandalizi yako yameanza asubuhi, na ukikimbia alfajiri yameanza jana. Tafuta chupa ndogo yenye mdomo mwembamba inayokaa vizuri mkononi. Mbio zako zitakuwa za kukimbia na kutembea kwa zamu, kwa hiyo ukifika kipindi cha kutembea vuta fundo moja, meza, tembea kidogo, vuta lingine, basi. Ukigida kwa sababu ya kiu utabanwa pale katikati ya kifua, mate yanaanza kujaa mdomoni yakiwa na povu, na jogingi imeishia hapo. Siku mkojo umekuwa njano iliyokolea usikimbie, tembea tu huku unakunywa.

Chakula nacho kina ratiba yake. Tonge chache saa moja hivi au moja na nusu kabla zinatosha, na ile sheria ya kutokunywa na kula pamoja bado ipo, subiri kama nusu saa baada ya kula ndo unywe. Protini usiichezee, wengi wanaambiwa gramu 60 hadi 80 kwa siku, manake kilo zinapodondoka kwa kasi misuli nayo inaondoka, na misuli ndo inayolinda magoti yako.

Vile vinywaji vitamu vya wanamichezo na zile jeli za sukari achana navyo, kwa kweli naona ndo mtego mkubwa kuliko yote kwa sababu kila mkimbiaji atakupa kwa nia njema kabisa. Sukari nyingi ikishuka haraka kwenye utumbo unapata dampingi: jasho, moyo kwenda mbio, tumbo linakata, kuhara, na wewe uko mbali na choo. Halafu kuna ile inayokuja saa moja mpaka tatu baadaye, sukari ya damu inashuka unaanza kutetemeka. Baipasi ndo inawapata zaidi ila na wa slivu wamo. Kwa mbio za chini ya nusu saa maji yanatosha.

Kukimbia kwenyewe ndo sehemu rahisi. Tembea dakika 5 mpaka 10 kupasha mwili, kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara sita au saba, malizia kwa kutembea. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata, hata kama mtembeaji anakupita, mwache apite. Ukizoea ongeza nusu dakika ya kukimbia, wiki ikiwa ngumu irudie. Pumzi itakuja haraka kwa sababu mwili umekuwa mwepesi, ila mifupa na kano zinachelewa, na mifupa yenyewe baada ya hizi operesheni huwa inapungua uimara, ndo maana kalsiamu na vitamini D sio za kuruka. Siku mbili nyingine kaa na kuinuka kwenye kiti, sukuma ukuta, mazoezi mepesi ya nguvu tu.

Kuhusu ngozi iliyolegea watu wanaona aibu kuuliza. Vaa taiti ya kubana yenye kiuno kirefu, inama kidogo, kusanya ile ngozi ya chini ya tumbo kwa mkono uiingize yote ndani, ndo uvute mpira mpaka juu ya kitovu. Ikibaki nje itakuwa inapiga piga kila hatua na itachubuka. Paka mafuta ya mgando kwenye mikunjo, mapajani na kwapani, ukirudi oga na ujikaushe vizuri mule mule kwenye mikunjo fangasi wasipate makazi. Sidiria na taiti usinunue nyingi, mwili bado unabadilika.

Ukiumwa miguu usikimbilie ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, hasa kwa wa baipasi. Uliza kuhusu parasetamoli. Na kama mwendo uliouweza mwezi jana sasa unakumaliza, usijiite mvivu kabla hujapima damu, madini ya chuma na B12 hupungua sana kwa watu kama sisi.

Simama na utafute hospitali ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, mguu mmoja ukivimba na kuuma, choo kikiwa cheusi, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hayo yanaweza kuwa mawe ya nyongo ambayo huwapata watu wanaopungua kilo haraka.

Ukijiandikisha mbio za kilomita 5 nenda na chupa yako ile ile. Kwenye meza za njiani wanagawa vikombe na huwezi kujua kipi kina sukari, na ukisimama kunywa toka pembeni kwanza, wa nyuma wanakuja kasi.