Mzee akianza kuongea chini chini: namna ya kumpima kwa simu

Nafundisha kwaya hapa Kadutu, Bukavu, na kazi yangu ni kusikiliza. Nawaomba sana: mzazi sauti ikimpungua, msikimbilie kusema ni uzee.

Ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, wengi wanaujua kwa mkono unaotetemeka. Sauti inaweza kutangulia. Inakuwa ndogo, haipandi wala haishuki, na maneno ya mwisho yanamezwa. Mwenyewe hasikii tofauti. Anaona anaongea kama siku zote. Papa mmoja, mzee wa sauti ya besi kwenye kwaya yetu, alikuwa akitugombeza: “Ninyi ndio mmekuwa viziwi!” Ugomvi wa namna hiyo nyumbani nao ni dalili.

Zima redio, weka simu mezani mbele yake, ikirekodi. Avute pumzi aseme “aaa” mpaka pumzi imwishie. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha sekunde 15 au kupita. Kisha asimulie jambo analolipenda, dakika mbili hivi. Usimwambie apaze sauti: akijikaza anaweza kusikika vizuri kwa muda, ukadanganyika. Rudia baada ya mwezi, simu ileile, umbali uleule. Tafuta pia sauti alizotuma WhatsApp zamani. Hizo ni hazina, maana alikuwa anaongea tu, hajui kama anapimwa.

Kama anaanza vizuri, halafu kadiri anavyoongea sauti inafifia au inatokea puani, na akipumzika inarudi, huenda ni miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka. Ulimi ukiwa mzito na anapaliwa na maji, msichelewe kwa daktari. Maneno yakiharibika ghafla, mdomo ukapinda, acha simu: huenda ni kiharusi, hospitali saa hiyohiyo.

Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu ianzie kwa daktari wa koo, kwa sababu kifua kikuu, uvimbe wa shingo au kansa ya koo vinaweza kuiharibu vilevile. Koo likiwa zima, ombeni daktari wa mishipa ya fahamu, mumsikilizishe rekodi zote, ya zamani kwanza. Mwelezeni pia kama mwandiko wa mzee umekuwa mdogo, kama hasikii tena harufu ya sombe ikiwa jikoni, au kama usiku anapiga kelele na kurusha mikono akiota.