Fundi hujulikana kwa upindo: namna ya kuwatambua waimbaji wa dansi la zamani kwa sauti tu

Nashona nguo Temeke, mwaka wa kumi na tisa huu, na redio haizimwi. Mteja anakuja na kitenge chake, hajakaa vizuri kwenye benchi, ananiuliza, "Mama, huyu anayeimba ni nani?" Nikimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani anadhani nimesoma mahali. Sijasoma, na ukitegemea kusoma utapotea, kwa sababu wengi wanaopandisha nyimbo hizi mtandaoni huandika jina la bendi wakaishia hapo. Wengine kila sauti tamu ya kiume wanaibandika jina la mwimbaji Marijani Rajab. Kumbe sauti zinajifunzwa, kama kukata kola.

Anza na watu wawili tu: Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka. Acha wengine kwanza, hata kama unawapenda zaidi. Hawa wawili walikuwa pamoja kwenye bendi ya NUTA Jazz, wakawa pamoja tena Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Ukimsikia mmoja, mara nyingi mwenzake hayuko mbali, kwa hiyo kipimo unakipata ndani ya wimbo uleule. Gurumo ana sauti nzito, yenye kokoto chini yake. Vijana wengi walimfahamu mwaka 2013 alipostaafu na Diamond akamzawadia gari, lakini mzee alikuwa akiimba tangu kabla baba zao hawajabaleghe. Bitchuka ni nyembamba, inapanda juu bila kukwaruza, na huko juu inatetemeka kidogo.

Sasa usije ukaniambia basi kazi imekwisha, zito ni Gurumo, jembamba ni Bitchuka. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Nimekulia Morogoro. Baba alikuwa fundi redio, na nyumbani tulikuwa na redio kaseti ya betri nne kubwa. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati, jua lizipe uhai wa siku moja mbili. Jioni moja kaseti inazunguka kwa tabu, nasikia sauti nene inaimba polepole, nikasema kwa kujiamini kabisa, "Gurumo huyo." Baba akacheka mpaka akakohoa. Akatoa betri, akaweka mpya, akarudisha kaseti nyuma. Akatoka Bitchuka, mwembamba kama uzi namba sitini. Mota ikipungua kasi, sauti zote zinashuka. Nyimbo nyingi unazozipata leo kwenye simu zilitolewa kwenye kaseti za namna hiyo, nyingine zinakimbia, nyingine zinasinzia. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mwimbaji, sikiliza ala kwanza. Saksafoni ikilia kama ng'ombe mgonjwa, au tumba zikisikika kama mtu anagonga godoro, tatizo ni mashine. Tafuta nakala nyingine ya wimbo huohuo ulinganishe.

Baada ya kucheka, baba akanipa somo ambalo ndilo natumia mpaka leo: usisikilize mwanzo wa mstari, sikiliza mwisho. Nilipokuja kujifunza ushonaji nikamwelewa zaidi. Nguo ukiitazama kwa nje mafundi wote wanafanana. Igeuze, tazama upindo. Mmoja anakunja mara mbili na kupiga pasi, mwingine anakunja mara moja na kukimbia. Waimbaji ni hivyohivyo. Gurumo mwisho wa mstari anautua, kama mtu anayeshusha gunia: tu, limefika chini. Bitchuka anaivuta ile irabu ya mwisho, anaitetemesha, hataki kuiachia. Marijani havuti wala hatui. Analimaliza neno lote, safi, hadi herufi ya mwisho, kisha anaingia mstari unaofuata kama mtu mwenye habari ndefu na muda anao. Sikiliza "Georgina" aliyoimba akiwa Safari Trippers, halafu "Zuwena" ya wakati wa Dar International. Bendi mbili, magita tofauti, upindo uleule. Ndiyo maana nasema usimbandike kila mahali, ukishamjua hafananishwi. Yule waliyempa jina la Jabali la Muziki alifariki mwaka 1995, na mimi bado naona hakuna aliyesimulia kisa kwa sauti kama yeye.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua mistari miwili ya sehemu ya mwanzo ya wimbo, ile ya taratibu, irudie mara kumi. Usisubiri chemko, ile sehemu ya baadaye yenye kasi. Likishaanza chemko, magita yanakimbizana, waimbaji wanaitikiana, kila mtu amechangamka, na sikio changa halishiki kitu. Pia kule kwenye chemko majina yanaitwa, na watu wengi wanajidanganya hapo. Ukisikia jina linatajwa, ujue mara nyingi anayetaja anamwita mwenzake, pengine mpiga gita, hajitaji yeye. Nimeshaona mabishano ya vijiweni ya saa nzima yaliyojengwa juu ya kosa hilo moja.

Usitegemee hedifoni zikutenganishie sauti upande huu na huu. Rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam hazikufanywa hivyo. Mara nyingi bendi nzima inapiga pamoja. Badala yake sikiliza nani yuko karibu na maiki. Anayeongoza unamsikia hadi pumzi yake, waitikiaji wako hatua mbili nyuma.

Cosmas Chidumule alinisumbua sana, kwa sababu Mlimani Park alikuwa katikati ya wenzake, si mzito wala mwembamba. Dawa yake niliipata kanisani kwa jirani. Chidumule aliacha dansi akaingia kwenye Injili, na kule yuko mbele peke yake. Nikasikiliza nyimbo zake za Injili wiki nzima, huku nikishona sare za kwaya, halafu nikarudi kwenye dansi. Akajitokeza mwenyewe, kama mtu uliyekuwa unamtafuta kwenye picha ya shule.

Mbaraka Mwinshehe usimtafute kwa sauti peke yake, msikilize na gita. Yeye aliimba na yeye alipiga solo, Morogoro Jazz kwanza na Super Volcano baadaye. Sauti yake ni ya mtu anayeeleza jambo, haina madoido mengi. Anasema, ananyamaza, na gita linamalizia sentensi. Pale ambapo mwimbaji mwingine angevuta irabu, Mbaraka anaiachia nyuzi. Weka "Shida" usikilize hayo mapengo. Sisi wa Morogoro hatuna aibu kusema, huyo ni wetu, na ajali iliyomuua mwaka 1979 mama yangu hadi leo anaizungumzia kama ya jana.

Remmy Ongala sikupotezei muda. Kiswahili chake kilitoka Kongo pamoja naye, sauti inakwaruza, na katikati ya wimbo anaweza kukuhutubia. Dakika moja inatosha.

Sikio likikwama, tumia kalenda. NUTA Jazz, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi ileile iliyobadilisha majina, kwa hiyo jina kwenye lebo linakuonyesha miaka, na miaka inakuonyesha nani hawezi kuwemo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Ukiletewa rekodi ya bendi hiyo ya miaka ya 70, usiniambie ni yeye. Baada yake aliongoza Juma Kilaza. Lakini kalenda iwe ya mwisho. Ukiianza mapema, sikio linazembea.

Kujipima, tafuta mtu akuchezeshee sekunde kumi kutoka katikati ya ubeti, nawe umegeuka ukutani usione simu. Mimi nafanya na binti yangu kila Jumapili, nyimbo tano kila mmoja, anayekosa nyingi anaosha vyombo wiki nzima. Jumapili iliyopita akanichezeshea Bitchuka, mjanja kweli, ameipunguza kasi kwa programu ya simu. Nikasema Gurumo. Sufuria zinanisubiri.