Dawa ya maumivu inapoamsha pumu: jinsi ya kuitambua na kuikwepa

1. Angalia saa. Kifua kikibana ndani ya dakika 30 hadi saa 3 baada ya kumeza dawa ya maumivu, na pua ikaziba au kutiririka, shuku aspirini na jamaa zake: ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni, piroksikamu, indomethasini. Mtu mzima mwenye pumu, vinyama vya puani na pua isiyonusa ndiye wa kuangaliwa zaidi, hata kama alizimeza miaka mingi salama. Dawa hizi huzuia kimeng'enya cha COX-1. Kwa watu hawa, mwili humwaga lukotrini, kemikali zinazobana njia za hewa. Kwa hiyo kuacha aspirini ukahamia ibuprofeni ni bure.

2. Uliza kilichomo ndani ya kidonge. Jina la biashara halisemi kitu. Vidonge vingi vya dukani ni mchanganyiko: diklofenaki na parasetamoli, au aspirini, parasetamoli na kafeini. Vikikatwa na kutiwa kwenye kibahasha, jina hubaki dukani, basi omba uoneshwe boksi. Sindano ya diklofenaki nayo imo. Propranololi (dawa ya presha na moyo), na hata matone ya timololi ya presha ya jicho, hubana kifua kwa njia nyingine. Yataje kwa daktari.

3. Mbadala. Parasetamoli 500 mg kwa mtu mzima. Wachache hubanwa wakimeza 1000 mg kwa mpigo, hivyo anza na kidonge kimoja. Usijijaribu aspirini nyumbani. Jaribio hilo hufanywa hospitalini. Unayekunywa aspirini kwa ajili ya moyo, muone daktari kabla ya kuiacha.

4. Chakula. Nacho huweza kuamsha pumu. Kwenye lebo kagua na ukwepe salfaiti (kemikali za kuhifadhi chakula), E220 hadi E228: mvinyo, matunda yaliyokaushwa, maji ya limau ya chupa, kamba waliotiwa dawa wasiwe weusi. Rangi ya manjano ya E102 na kiungo cha E621 (MSG) husingiziwa sana, ushahidi wake ni hafifu.

5. Ukibanwa. Kaa wima. Tikisa pampu ya salbutamoli, vuta mipulizo 4 hadi 10 kupitia spesa (chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo), mmoja mmoja. Rudia baada ya dakika 20 ukiwa njiani kwenda hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi, au mwenye midomo ya bluu, apelekwe papo hapo. Huna spesa? Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako tundu la kukaza mdomo wa pampu, vutia shingoni. Tundu likipwaya, dawa huishia hewani.