Jinsi ya kuwasilisha pingamizi la makadirio ya kodi kwa kampuni ya bima ya maisha

Barua ya makadirio ya kodi inapofika mapokezini, kazi ya kwanza si kubishana na kiasi kilichoandikwa, bali ni kuhakikisha kuwa imegongwa muhuri wenye tarehe na kwamba bahasha yake imehifadhiwa. Muda wa kuwasilisha pingamizi huhesabiwa tangu kampuni ilipofikishiwa uamuzi, na chini ya sheria kadhaa ni siku 30 tu. Barua iliyolala wiki mbili kwenye trei ya idara nyingine imekwisha kula karibu nusu ya muda huo. Ikiwa imetumwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya kodi, chapisha ukurasa unaoonyesha siku na saa ilipoingia.

Baada ya hapo, yavunjevunje makadirio: aina ya kodi, mwaka wa mapato, kodi yenyewe, riba na adhabu, kila kimoja katika safu yake. Jumla kubwa iliyoandikwa chini ya barua hutisha, lakini haikuambii mgogoro uko wapi. Katika kampuni ya bima ya maisha, hoja za wakaguzi wa kodi hurudi mara nyingi kwenye maeneo yale yale, yaani kodi ya zuio (ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kumlipa mtu) kwenye kamisheni za mawakala, ada za bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia) zinazolipwa nje ya nchi, akiba ya kulipia mafao ya baadaye, na mgawanyo wa ziada kati ya mfuko wa wenye bima na wanahisa.

Tuchukue mfano wa kamisheni. Leja inaonyesha milioni 480 kwa mwaka, ilhali ritani za kodi ya zuio zinaonyesha milioni 455, na mkaguzi ameitoza kodi tofauti ya milioni 25. Ukifungua miamala ya Desemba unakuta kwamba kiasi hicho chote ni kamisheni zilizoingizwa vitabuni mwisho wa mwaka na kulipwa Januari. Ikiwa sheria inadai kodi hiyo wakati wa malipo, jedwali la ulinganisho la ukurasa mmoja, likiambatana na ritani ya Januari na stakabadhi yake, lina nguvu kuliko kurasa kumi za hoja za kisheria. Ikiwa sheria inaidai mara deni linapoingizwa vitabuni, basi kubali mapema, kwa sababu hoja dhaifu huzitia doa zile zenye nguvu.

Akiba ya bima inahitaji uangalifu zaidi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya bima, IFRS 17, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 na kuchukua nafasi ya IFRS 4, kilibadilisha namna ya kupima madeni ya mikataba ya bima, lakini si lazima sheria ya kodi iwe imekifuata. Kwa hiyo mtakwimu bima, yaani mtaalamu wa kukokotoa madeni ya bima, aandae ulinganisho unaoanzia kwenye akiba iliyo katika taarifa za fedha na kuishia kwenye akiba iliyotumika kukokotoa kodi, akieleza kila tofauti. Asiachiwe mhasibu peke yake kazi hii.

Sasa andika barua ya pingamizi. Kila hoja isimame peke yake, ikitaja ukweli wa jambo, kifungu cha sheria, kiasi kinachopingwa na kile unachoomba kifanyike. Kusema tu kwamba makadirio si ya haki si hoja. Vielelezo vipewe namba, na ikiwa mshauri ndiye anayesaini, ambatisha hati ya uwakilishi. Sheria nyingi hudai kodi isiyobishaniwa ilipwe, na nyingine huongeza sehemu ya kiasi kinachobishaniwa. Kampuni isiyoweza kulipa iombe nafuu kwa barua ya pekee kabla muda haujaisha. Malipo hayo yasiingizwe vitabuni kama gharama kwa mazoea tu: kwa kodi zisizo za mapato, kamati ya tafsiri ya viwango vya IFRS ilieleza Januari 2019 kwamba amana ya aina hiyo ni mali ya kampuni mgogoro ukiwa unaendelea.

Wasilisha, chukua uthibitisho wa kupokelewa, kisha andika kwenye rejesta tarehe ya mwisho ya mamlaka kujibu na ile ya kukata rufaa.

Wengi huishia hapo, ilhali hesabu za mwaka nazo zinadai jibu. Mgogoro wa kodi ya mapato huangukia IFRIC 23, tafsiri ya viwango kuhusu kodi ya mapato isiyo na uhakika, inayokutaka uchukulie kwamba mamlaka itachunguza na ina taarifa zote. Usijitetee kwa kusema huenda wasione. Kodi ya zuio ambayo kampuni ilipaswa kuwakata mawakala huangukia IAS 37, kiwango cha fedha za kutengea madeni yasiyo na uhakika: kama kuna wajibu uliotokana na jambo lililopita, uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa, na kiasi kinakadirika, fedha zitengwe; uwezekano ukiwa mdogo lakini si wa mbali sana, deni hilo linaloweza kujitokeza lielezwe katika maelezo ya hesabu. Kesi za wanufaika wanaodai mafao zisichanganywe humu, kwani mafao hayo hupimwa chini ya IFRS 17.

Maoni ya mwanasheria yaandikwe kwa lugha inayopimika. Sentensi kama “tuna matumaini mema” haimsaidii mkaguzi wa nje wala bodi. Tena yaombwe upya siku chache kabla ya hesabu kuidhinishwa, kwa kuwa uamuzi unaotoka baada ya mwaka kufungwa, lakini kabla ya idhini hiyo, na kuthibitisha deni lililokuwapo tayari, hubadilisha takwimu zenyewe chini ya IAS 10, kiwango cha matukio ya baada ya mwaka kufungwa.