Kupatana Bei Yadini na Kubadilisha Gari Kuukuu kwa Nyongeza

Mtu akiingia katika yadi ya magari, iwe ya Unguja mjini au ya Chake Chake, aghalabu huulizwa masuala mawili kabla hata hajapangusa jasho: ana kiasi gani mkononi, na je, ana gari ya zamani anayotaka kuitoa? Masuala hayo huulizwa kwa ukarimu, na muulizaji si lazima awe na nia mbaya, kwani kazi yake ni kuuza. Hata hivyo, mnunuzi akiyajibu yote mawili kwa mkupuo mmoja, muuzaji anakuwa ameshapata kila anachohitaji ili kupanga hesabu kwa namna inayomfaa yeye, na mnunuzi habaki tena na jambo la kumfanya muuzaji apunguze bei.

Kubadilisha gari kwa kuongeza pesa ni mauziano mawili yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. Wewe unanunua gari ya yadi, na yadi inanunua gari yako. Kila mauziano yana bei yake, na kinachotoka mfukoni mwako ni tofauti ya bei hizo mbili. Tuseme yadi ya kwanza inauza gari kwa shilingi 16,000,000 na inaithamini gari yako kwa 7,000,000, na yadi ya pili inauza gari ya aina ileile, ya mwaka uleule na yenye hali ileile kwa 14,200,000 lakini gari yako inaipa 5,800,000 tu. Wengi wetu moyo utatupeleka kwenye yadi ya kwanza, kwa sababu imeiheshimu gari tuliyoitunza miaka yote. Ukifanya hesabu utaona kwamba yadi ya kwanza inakudai nyongeza ya 9,000,000, na ya pili 8,400,000. Ile iliyoonekana kuidharau gari yako ndiyo iliyokuachia laki sita nyumbani.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia, na ninayomwomba kila ndugu yangu aishike, ni kupatana kwanza bei ya gari unayoitaka kana kwamba utalipa taslimu na huna gari nyingine, kuiandika bei hiyo kwenye karatasi mbele ya muuzaji, na baada ya hapo ndipo uifungue habari ya gari yako. Ukiulizwa mapema, jibu la adabu linatosha: "Sheikh, hilo la gari yangu tutalizungumza baadaye, inshaallah, kwanza nataka kujua hii yako utaniuzia kwa ngapi." Huo si uongo wala ujanja, kwa sababu hujakanusha kwamba una gari, umepanga tu mazungumzo yaende kwa utaratibu.

Bei hutafutwa kabla ya kutoka nyumbani

Magari mengi yanayouzwa visiwani kwetu yamekwisha kutumika Japani, na hilo ni faida kwa mnunuzi mwenye subira, kwa kuwa bei za huko hutangazwa wazi kwenye intaneti na wauzaji wanaosafirisha nje. Chagua aina unayoitaka, tuseme Toyota IST au Noah, uangalie zile zenye mwaka na ukubwa wa injini unaolingana na iliyopo yadini, kisha ujenge bei yake hatua kwa hatua: bei ya Japani, nauli ya meli, bima ya safari, ushuru wa forodha, kodi nyinginezo, gharama za bandari, ujira wa wakala wa forodha na gharama za usajili. Zingatia kwamba ushuru wa forodha hautozwi juu ya bei ya gari peke yake bali juu ya bei pamoja na nauli na bima, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani hutozwa baada ya ushuru kujumlishwa, hivyo kosa dogo mwanzoni mwa hesabu huwa kubwa mwishoni. Zingatia pia kwamba forodha huwa na makadirio yake ya thamani ya magari yaliyotumika, na haitegemei risiti ya mnunuzi peke yake. Wakala wa forodha unayemwamini anaweza kukufanyia hesabu hiyo kwa muda mfupi, na ujira mdogo utakaompa utarudi mara nyingi.

Jumla utakayoipata ndiyo takriban gharama ya mwenye yadi. Juu yake ana haki ya faida, kwa sababu ameweka mtaji wake, amesubiri meli na amebeba hatari ya gari kufika na kasoro. Sioni ubaya kumwambia muuzaji waziwazi kwamba unajua gari ya namna hii hufika kwa kiasi gani, na kwamba uko tayari kumpa faida yake. Maneno hayo humwondoa kwenye bei ya kumpima mteja na kumleta kwenye bei ya biashara, na huyafanya mazungumzo yawe ya watu wawili wanaoheshimiana. Aliye Pemba na kununua Unguja asisahau kuongeza nauli ya meli ya kuipeleka gari Mkoani au Wete, na aulize tangu mwanzo ni nani atakayeibeba gharama hiyo.

Kutu ndiyo hoja kubwa ya kupunguza bei

Visiwani kwetu chumvi haina huruma na bati. Gari iliyokuwa ikibeba samaki kutoka diko, au iliyokodishwa kwa wageni wanaoegesha karibu na maji Nungwi au Paje, inaweza kung'aa juu na kuliwa chini. Usiridhike na rangi. Omba gari inyanyuliwe au ipelekwe gereji yenye shimo, na uende na fundi wako mwenyewe, si fundi aliyekutwa yadini. Mwambie aguse chesisi, sehemu zinaposhikiliwa springi na shokapu, chini ya milango, chini ya zulia la miguuni na ndani ya buti linapokaa tairi la akiba. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari nzima ni jambo la kuuliza, kwa kuwa hutumika kuikinga gari na hutumika pia kuificha kutu iliyokwisha kula. Mimi binafsi hupenda kukagua gari wakati wa masika, kwa sababu mvua huonyesha maji yanapoingilia, na wanunuzi wakiwa wachache muuzaji huwa na muda wa kusikiliza.

Kwa gari iliyotoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari iliyoandikwa ilipouzwa mnadani huko, na cheti cha kufutiwa usajili kule. Karatasi ya mnada hutoa daraja: gari ya daraja la 4 au 4.5 kwa kawaida huwa katika hali nzuri, na herufi R humaanisha kwamba iliwahi kugongwa au kubadilishwa sehemu za bodi na ikatengenezwa. Herufi hiyo haimaanishi kwamba gari haifai, lakini haiwezi kuuzwa kwa bei ya gari isiyoguswa. Mara nyingi cheti cha kufutiwa usajili huonyesha pia kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa lazima wa Japani, ambao gari ndogo ya binafsi hufanyiwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Ukiona dashibodi inasoma kilomita pungufu kuliko cheti, usipunguze bei, ondoka. Mtu aliyeirudisha nyuma mita ameshakueleza namna atakavyokueleza mengine yote.

Kila kasoro atakayoiona fundi, iandike pamoja na gharama ya kuitengeneza. Kusema "gari yako mbovu" humkasirisha mwenye mali na hakupunguzi shilingi. Kusema kwamba shokapu mbili za mbele zimekwisha, tairi nne zinahitaji kubadilishwa, na jumla yake kwa fundi na spea ni kiasi fulani, hulifanya punguzo unaloomba kuwa na mantiki. Taja kiasi chako, kisha nyamaza. Kimya hicho ni kizito, na wengi hukivunja wenyewe kwa kupandisha ofa yao kabla muuzaji hajajibu.

Akishikilia bei, zungumzia vitu badala ya pesa: betri mpya, gharama za kubadilisha umiliki, bima ya mwaka wa kwanza, au kutengenezwa kasoro zilizoandikwa kabla ya kukabidhiana. Ikiwa kuna dalali, ulizeni mapema analipwa na nani na kiasi gani. Dalali anayelipwa kwa asilimia ya bei hana sababu ya kuishusha, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Kwa atakayelipa kidogokidogo, ninasihi asipatane kwa malipo ya mwezi. Malipo madogo ya kila mwezi yanaweza kuficha bei kubwa kwa kurefusha muda tu. Uliza jumla ya pesa zote utakazokuwa umelipa siku ya mwisho, kisha uilinganishe na bei taslimu mliyokwisha kuiandika. Wanaotumia murabaha kupitia huduma za Kiislamu za benki wana nafuu katika hili, kwa kuwa benki huinunua gari kwanza na kukuuzia kwa bei ambayo faida yake imetajwa. Lakini hata hapo, bei ambayo benki itanunulia ni ile uliyopatana wewe na yadi.

Gari yako nayo ina bei

Kabla ya kuipeleka gari yako yadini, itangaze kwa wiki moja au mbili miongoni mwa watu unaowajua, au uwaulize wauzaji watatu kila mmoja kwa wakati wake. Bei utakayopewa yadini itakuwa chini ya ile ya mtu atakayeinunua kuitumia, kwa sababu yadi nayo itaitengeneza, itaiweka na kuiuza kwa faida. Pengo hilo ni malipo ya kuepushwa usumbufu wa wanunuzi wanaokuja kila jioni kuijaribu. Amua mapema usumbufu huo kwako una thamani gani; kwa mwalimu wa skuli anayerudi saa nane mchana unaweza kuwa mdogo, na kwa mfanyabiashara asiye na nafasi unaweza kuwa mkubwa. Ikiwa pengo ni kubwa kuliko hapo, iuze mwenyewe na uende yadini na taslimu.

Ioshe vizuri, badilisha taa zilizoungua, kusanya kumbukumbu za oili na matengenezo, na ulipe ada zote unazodaiwa. Usiipake rangi wala usitengeneze kitu kikubwa, kwa maana gharama hizo hazirudi. Kasoro ya gari yako uitaje mwenyewe. Katika fiqhi ya mauziano mnunuzi aliyefichwa kasoro ana khiari ya kuirudisha mali, na sisi tunaodai ukweli kutoka kwa mwenye yadi hatuna uso wa kumnyima ukweli huohuo. Na kwa uzoefu wangu, kasoro iliyotajwa na mwenyewe hukatwa kidogo kuliko ile iliyogunduliwa na fundi wao.

Maandishi, na kadi ya gari

Hapa niruhusiwe kueleza yaliyonikuta. Nilibadilisha gari yangu katika yadi moja, tukapeana mikono, nikaacha funguo na kadi, nikarudi nyumbani na gari nyingine nikiwa na furaha. Baada ya miezi mitano nilipigiwa simu na kuulizwa kuhusu ajali ya gari ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile. Yadi ilikuwa imeiuza kwa mtu, mtu yule ameiuza kwa mwingine, na muda wote huo kadi ilikuwa bado inasoma jina langu. Hakuna aliyenidhulumu kwa makusudi, nadhani. Kila mmoja aliona kubadilisha jina ni gharama ya anayefuata. Lakini wiki tatu za kwenda na kurudi kueleza kwamba gari si yangu zilinifundisha jambo ambalo hakuna punguzo la bei linaloweza kulifidia.

Kwa hiyo usiache gari yako yadini mpaka ziwepo hati mbili za mauziano, moja kwa kila gari, zenye namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, bei ya kila moja, tarehe, na saini za pande zote pamoja na mashahidi wawili. Wengi huziwasilisha pia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na ni jambo jema. Ukitoa arbuni ili gari isiuzwe kwa mwingine, iandikwe kwamba ni arbuni, ni ya siku ngapi, na itarudishwa au haitarudishwa iwapo ukaguzi wa fundi utaleta taarifa mbaya. Pesa kubwa zipite benki ili zibaki na kumbukumbu.

Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na uhakikishe kwamba anayekuuzia ndiye mwenye jina au ana idhini ya maandishi ya mwenye jina. Kisha pangeni siku ya kwenda pamoja Mamlaka ya Mapato Zanzibar kubadilisha umiliki wa magari yote mawili kwa safari moja, na sehemu ya mwisho ya nyongeza, hata ikiwa laki tano tu, ilipwe siku hiyo, baada ya jina lako kutoka kwenye gari kuukuu na kuingia kwenye ile unayoondoka nayo.