Ajali ya Nani? Kusoma Slaughterhouse-Five Barazani, Hatua kwa Hatua

Nafundisha fasihi katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja. Jumamosi baada ya alasiri tunakaa barazani na vijana kumi hivi, wengine wametoka Pemba, tunasoma. Kitabu tulichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote ni Slaughterhouse-Five, riwaya ya Kurt Vonnegut ya kupinga vita. Ni fupi na Kiingereza chake hakisumbui. Hata hivyo, kundi langu la kwanza lilifika ukurasa wa mwisho likatoa jibu moja: "Mwandishi anasema kila kitu kimeandikwa, basi." Hilo ni kosa la msomaji anayeanza na kadari kabla ya kuliona jeraha. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia sasa.

Hatua ya 1: Anzia Dresden

Kabla hamjafungua kitabu, wape habari yenyewe. Vonnegut alikuwa askari kijana wa Marekani, akatekwa na Wajerumani Desemba 1944, akapelekwa Dresden, mji wa Ujerumani, na kuwekwa pamoja na wenzake katika machinjio namba tano, ndiyo yaliyokipa kitabu jina lake. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza zikaanza kuupiga mji mabomu, na za Marekani zikafuata. Mateka wale walipona kwa kuwa waliteremshwa kwenye stoo ya nyama chini ya ardhi. Walipotoka, walipewa kazi ya kufukua maiti.

Riwaya ilitoka 1969. Mwambie kila kijana afanye hesabu mwenyewe: miaka 24. Mtu ana habari kubwa kuliko zote za maisha yake, na ulimi unamgoma karibu robo karne. Sura ya kwanza nzima ni mwandishi akieleza alivyoshindwa kuandika, kwa hiyo usiiruke ukidhani ni dibaji. Kiwewe kimeshaanza kuonekana humo.

Jambo moja la kuwatahadharisha: riwaya inataja waliokufa 135,000. Tume ya wanahistoria iliyoitishwa na mji wa Dresden ilihitimisha mwaka 2010 kwamba hawakuzidi 25,000. Waambie mapema, asije mmoja akaigundua tofauti hiyo mtandaoni akadhani kitabu chote ni uongo. Watu 25,000 ni viwanja vingapi vya mpira? Waache wahesabu.

Kama mko Mjini, tembeeni hadi Forodhani mkitazame kisiwa cha Chapwani. Huko kuna makaburi ya mabaharia wa Pegasus, meli ya kivita ya Uingereza iliyopigwa hapa bandarini na meli ya Ujerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Vijana wangu wengi hawakuwa na habari hiyo, na tangu siku ile hakuna aliyesema tena kwamba tunasoma mambo ya mbali.

Hatua ya 2: Kata karatasi

Billy Pilgrim, mhusika mkuu, ambaye naye ni mateka wa Dresden, anaruka katika wakati: sasa yuko vitani, ghafla ni mzee, ghafla yuko kwenye sayari ya Tralfamadore. Mpe kila mmoja vipande vya karatasi, aandike tukio moja kwa kila kipande, kisha vipangeni kwenye mkeka kwa miaka. Kutekwa, 1944. Hospitali ya maaskari wastaafu, 1948. Ajali ya ndege, 1968. Ikishakamilika, vipangeni upya kama vilivyo kitabuni. Saa moja inatosha.

Hatua ya 3: Tafuta jeraha, na uliache lionekane

Hapa msifanye haraka. Waulize: kabla ya kila kuruka, nini kilitokea? Sauti gani, harufu gani, sura ya nani? Wapigie mstari kwa kalamu nyekundu.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya karamu ya kuadhimisha ndoa ya Billy. Wanaume wanne wanasimama kuimba, na uso wa Billy unaharibika mpaka watu wanadhani moyo umemshika. Yeye mwenyewe hajui kwa nini. Anapanda juu, anajilaza, na ndipo inamjia: mchana ule wa Dresden walinzi wanne walisimama wameduwaa mbele ya mji ulioteketea, vinywa wazi, kama waimbaji wasiotoa sauti. Sasa waonyeshe vijana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: mwandishi anasema wazi kwamba safari hii Billy *hakusafiri* katika wakati. Alikumbuka. Kwa hiyo kuruka na kukumbuka ni vitu viwili. Anaruka pale asipoweza kukumbuka.

Halafu wapeleke hospitalini, 1948. Huko Billy anasoma riwaya za Kilgore Trout, mwandishi wa kubuni wa hadithi za sayari, na mojawapo inahusu binadamu waliotekwa na kuwekwa kwenye bustani ya wanyama katika sayari nyingine. Hayo hayo ndiyo Billy anayodai yalimpata Tralfamadore, na habari hiyo anaanza kuitangaza baada ya kuumia kichwa 1968. Mimi nasimama hapa: Tralfamadore ni bandeji. Kijana akikupinga, mwache apinge, ilmradi alete ukurasa.

Hatua hii iendeshe kwa upole. Sisi nasi tunao wazee ambao ukitaja mwaka fulani wanainuka kwenda kuchota maji ambayo hayahitajiki. Usimlazimishe mtu kutoa la nyumbani kwao.

Hatua ya 4: Liweke neno "ajali" katikati ya mkeka

Kila kifo kitabuni, kiwe cha mtu au hata cha chawa, kinafuatwa na sentensi ileile ya maneno matatu ya Kiingereza, "So it goes," mara 106. Sisi tuliitafsiri "Ndo hivyo tena." Mwanzoni vijana waliisikia kama tunavyosema msibani: siku yake imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Ndipo nikawauliza juu ya neno letu wenyewe. Ajali kwa asili yake ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kuondoka. Leo tunaiita ajali gari iliyopinduka kwa sababu dereva alisinzia. Neno moja limebeba kadari na uzembe, na tunalitumia bila kusema tunakusudia lipi.

Watu wa Tralfamadore wanaona maana moja tu. Wanamwambia Billy kwamba rubani wao mmoja atabonyeza kitufe na kuuangamiza ulimwengu. Billy anauliza kwa nini wasimzuie. Jibu: siku zote amekibonyeza, na siku zote atakibonyeza. Kijana mmoja akasema hiyo ndiyo imani yetu. Nikamkumbusha yule bedui aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Tralfamadore hakuna anayefunga ngamia.

Msichana mmoja wa Pemba alikuwa kimya vikao viwili. Shangazi yake alikuwamo ndani ya Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 upande wa Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi chake. Akasema: "Mwalimu, siku yao ilifika, hilo naliamini. Lakini kuijaza meli si siku. Kuijaza ni watu." Sijapata kusikia maelezo bora ya kitabu hiki.

Hatua ya 5: Mtafuteni aliyechagua

Ni wachache mno, na mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba vita huwafanya watu wasiwe watu kamili. Msimpite Edgar Derby, mwalimu wa skuli, mtu mzima kati ya vitoto. Msaliti anapokuja kuwashawishi mateka wenye njaa wahamie upande wa Hitler, Derby peke yake anasimama na kumkatalia. Kifo chake tumeshaambiwa tangu sura ya kwanza: atapigwa risasi kwa sababu ya buli la chai aliloliokota kwenye kifusi. Kufa kwake hakuzuiliki. Kusimama kwake hakuna aliyemwandikia. Jadilini hapo mpaka magharibi.

Hatua ya 6: Filamu ya kurudi nyuma

Mwisho someni kwa sauti pale Billy anapoitazama filamu ya vita kinyumenyume. Moto unanywea, mabomu yanapanda na kuingia tumboni mwa ndege, viwandani kinamama wanayafungua, na madini yanarudishwa ardhini yasimdhuru mtu. Kisha wape dakika ishirini, kila mmoja aandike tukio analolijua kwa mtindo huo.

Yule msichana aliandika meli inayoinuka kutoka majini, inarudi kinyumenyume hadi bandari ya Malindi. Watu wanashuka na mizigo, na mikono inayoaga inateremka. Shangazi yake anarudi nyuma ngazini, mtu mmoja baada ya mwingine wanapungua, mpaka anabaki mtu aliyesimama mlangoni, hajamwambia yeyote apande.