Vitz, Fit au Demio: iwashe mwenyewe ikiwa baridi

Ukienda kuangalia kigari cha mkono wa pili hapa Kisumu, mwambie muuzaji asikiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Mimi nilikuta moja ina joto saa moja asubuhi, na mwenyewe anaapa imelala hapo tangu jana. Injini ikishapata moto huficha mengi. Ikiwa baridi, simama nyuma mtu akiiwasha: moshi wa buluu maana yake inakula oili.

Kisha ipeleke kwenye kilima cha Riat. Hapo ndipo pesa zako zilipo, kwa sababu vingi vya vigari hivi vina gia za CVT (gia otomatiki ya mkanda, isiyo na hatua za namba moja, mbili, tatu), na kuikarabati gia hiyo si mchezo. Panda kilima mkiwa watu wanne, AC ikiwa imewashwa. Injini ikipiga kelele na gari lisiongeze mwendo, au ukisikia linatetemeka unapoondoka pole pole, shukuru, mrudishie funguo. Mwulize pia oili ya CVT ilibadilishwa lini. Akikujibu "hiyo haibadilishwi", umeshamjua.

Maileji usiyaamini sana. Mita hurudishwa nyuma, lakini raba ya pedeli ya breki iliyolika upande mmoja na usukani unaong'aa kama kiatu haviwezi kukudanganya.

Fundi wa kuikagua mtafute wewe. Yule "aliyepita tu" akakuta mnaongea ni wa muuzaji.